Kila mtu wodini anapumua mara 20

Ukitaka kuijua wodi, usiulize habari za dawa. Omba chati za uangalizi, zile karatasi zinazoning'inia miguuni pa vitanda, kisha shusha kidole kwenye safu ya upumuaji. Utakuta 20, yaani pumzi 20 kwa dakika. Chini yake 20. Geukia kitanda cha pili: 20, 20, 20, na 22 moja iliyochomekwa katikati ili karatasi isionekane imejazwa kwa mkupuo. Mzee mwenye nimonia, kijana aliyevunjika paja, mama aliyejifungua jana, wote wanavuta pumzi kwa pamoja kama gwaride la Uhuru.

Nazisema hizo 20 kwa sababu nimeziandika mwenyewe, kwa miaka.

Mimi ni muuguzi. Nilianza kazi mkoani Njombe, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, enzi ambazo kipimo cha presha cha wodi nzima kilikuwa kimoja na kilikuwa cha zebaki. Wodi ya upasuaji ya wanaume ilikuwa na vitanda 32, na Juni na Julai, baridi ikikaza, walikuwepo na wa kulala chini. Usiku tulipangwa wauguzi wawili. Mara nyingi tulikuwa mmoja na mhudumu.

Aliletwa baba mmoja wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa viazi. Ngiri yake ilikuwa imenasa, akakaa nayo nyumbani siku mbili akinywa dawa za mizizi, akafika tumbo limejaa na gumu. Usiku uleule akapasuliwa, kipande cha utumbo kilichokufa kikakatwa, ncha zikaunganishwa. Siku ya kwanza akaendelea vizuri. Ya pili pia, kwa mujibu wa chati. Mkewe alikuwa akilala kwenye mkeka chini ya kitanda, jambo lisiloruhusiwa, nasi tukijifanya hatumwoni.

Usiku wa tatu zamu ilikuwa yangu. Yapata saa nane, yule mama alinifuata mezani, blanketi mabegani. "Mwanangu," akasema, "njoo umwone baba yako. Anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia."

Nilikwenda, sitajisingizia kwamba sikwenda. Nikamgusa paji la uso, halichomi. Joto 37.1. Presha 118 kwa 74. Mapigo 112, nikasema moyoni haya ni maumivu ya kidonda. Nikamuuliza, "Baba, unaumwa?" Akanijibu, "Kidogo... tu... mwanangu," akipumzika kati ya neno na neno. Ule mpumziko naukumbuka sasa. Wakati ule ulipita mbele yangu kama mtu nisiyemfahamu. Nikamwambia mama presha ya mzee ni nzuri kabisa, asiwe na wasiwasi, nikarudi mezani kujaza chati. Kwenye safu ya upumuaji nikaandika 20.

Alifariki saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshatoka zamu, nimelala.

Wiki iliyofuata kilikaa kikao cha kupitia vifo. Daktari aliyekuwa na faili hakuwa mtu wa kufoka. Alisoma taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio: siku ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, upumuaji 20, saa sita mchana, 20, saa kumi na mbili jioni, 20. Akaenda hivyo hadi mwisho wa karatasi. Mara kumi. Tatu za mwisho zilikuwa za mwandiko wangu. Akafunga faili, akauliza kama kuna mtu yeyote humu ndani aliyemhesabia yule baba pumzi hata mara moja. Nje kuna mtu alikuwa anapasua kuni za jikoni, na kwa muda mrefu tulikuwa tunasikiliza shoka lake.

Mshono wa utumbo ulikuwa umeachia, uchafu umemwagika tumboni. Sisemi angepona. Nimeona waliorudishwa chumba cha upasuaji mapema wakafa, na waliochelewa wakapona. Ila mapigo 112 yakiambatana na pumzi za haraka namna ile, saa nane usiku, siku ya pili tangu utumbo ukatwe, hiyo ni simu kwa daktari. Kati ya saa nane na saa tatu zilikuwepo saa saba.

Mkewe hakuwa na saa ya mkononi wala cheti cha uuguzi. Aliangalia tu. Alikuwa ameishi na pumzi za yule mtu kwa miaka mingi, akajua zimebadilika, akaja kutoa taarifa kwa lugha ya mlima na gunia. Mimi mwenye cheti nikamjibu kwa presha.

Tangu hapo nimejisomea sana juu ya hiki kipimo kimoja, pengine kwa ajili ya kujiadhibu. Wodini huwa tunasema tu "vaito": nenda kachukue vaito, vaito zake vipi. Ndani ya neno hilo mna joto, mapigo, upumuaji na presha, na siku hizi oksijeni na hali ya fahamu. Zote tunazitaja kwa pumzi moja kana kwamba zina uzito sawa na zinakuja kwa wakati mmoja. Hazina, na haziji.

Viungo vikianza kukosa oksijeni ya kutosha, kwa sababu ya maambukizi mazito, damu iliyopotea au mapafu yaliyojaa, mwili unazalisha tindikali. Ubongo unaihisi na kuamuru mapafu yatoe kaboni dayoksaidi kwa kasi ili kuipunguza. Hili halingojei homa, na presha wakati huo inaweza kuwa imesimama imara, kwa sababu mishipa inajikaza na moyo unaongeza mwendo kuishikilia. Presha ni ya mwisho kuanguka, hasa kwa vijana. Ukingoja presha ishuke ndipo uamini mtu anaumwa, umengoja hadi mwili umemaliza akiba zake zote.

Waingereza wana mfumo wao wa kuzipa vaito alama, hatari ikizidi na alama zinazidi, uitwao NEWS, walioutoa mwaka 2012 na kuurekebisha mwaka 2017. Kuna jambo ndani yake ninalopenda kuwaonyesha wanafunzi. Mtu mzima anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika anapewa alama 3, ambazo ndizo za juu kabisa kwa kipimo kimoja. Mwenye homa ya 39.5? Anapewa 2. Sasa fikiria wodi zetu. Homa ya 39.5 itakimbiliwa na kila mtu, ndugu watapiga kelele, kitambaa cha maji kitaletwa, dripu itatundikwa. Pumzi 28 haina hata anayeijua.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi nyepesi, na hapo ndipo inapodharauliwa. Haina mashine ya kupiga mlio. Inataka saa yenye mshale wa sekunde na mtu aliyenyamaza. Tatizo ni kwamba pumzi ndiyo vaito pekee ambayo mgonjwa anaweza kuibadilisha akijua unaitazama. Mwambie mtu, "Baba, nakuhesabu pumzi," atakaa wima, atavuta ndefu kama yuko mbele ya mpiga picha. Kwa hiyo unamwibia. Mshike kifundo cha mkono kama kawaida, vidole viwili juu ya mshipa, kidole gumba kikiwa mbali kwa kuwa chenyewe kina mapigo yake na kitakuchanganya. Hesabu mapigo. Ukimaliza, usiuachie mkono. Endelea kuushika, macho yaende kifuani au tumboni, kwenye khanga au shuka inayopanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni moja. Yeye anadhani bado uko kwenye mapigo.

Na ukiwa umeushika mkono ule unapata mambo ambayo hayana safu kwenye chati. Umelowa jasho la baridi au mkavu? Vidole vya moto au kama vimetoka mtoni? Mapigo yanagonga kwa nguvu au yanapita chini ya kidole kama uzi? Yanafuatana au yanarukaruka? Mashine ya kubana mkono inatoa namba tatu kwa sekunde arobaini na haijui lolote kati ya hayo. Siichukii mashine. Nachukia tu kwamba ilipofika tuliacha kuwashika watu mikono.

Ukihesabu, angalia pia namna. Mgonjwa wa kisukari aliyeharibikiwa huvuta pumzi ndefu, nzito, za haraka bila kusimama, kama mtu aliyekimbia akiwa amelala, na mdomoni ana harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kifua kinaweza kuwa kisafi kabisa ukikisikiliza. Shida iko kwenye damu. Kuna wale wanaoongeza pumzi polepole, zikafika kilele, zikapungua, zikasimama kabisa, ndugu wakashtuka, kisha zikaanza upya. Na kuna anayepumua mara 8 tu baada ya sindano ya maumivu, kalala usingizi mzuri, na kila mtu anafurahi kwamba hatimaye amepumzika. Huyo ananitisha kuliko wote.

Wanaotetea 20 za uongo watasema niache ukali, nihesabu wagonjwa kwanza. Tuhesabu basi. Wagonjwa 40, muuguzi mmoja. Dakika moja ya pumzi, moja ya mapigo, mbili au tatu za presha pamoja na kufunga na kufungua kitambaa, joto, kuandika, kusogea kitanda cha pili ambako mtu anaomba maji. Weka dakika tano kwa kila mmoja, hizo ni dakika 200, saa tatu na ushee. Zitoke wapi usiku ambao kuna damu ya kuongeza, sindano za saa sita, na mgonjwa mpya mlangoni? Hesabu hii haina jibu, na anayesimamia ratiba za zamu anajua haina jibu. Ndipo chati zinajazwa mezani, kwa kuangalia zamu iliyopita waliandika nini.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatuisemi kwenye semina. Kuna miaka niliandika namba za kweli na hakuna aliyezisoma. Niliwahi kuandika 36, nikaizungushia duara, nikamwambia daktari wa zamu, akaniuliza presha ngapi. Nikamtajia. "Basi tutamwona asubuhi kwenye raundi." Ukijibiwa hivyo mara ya nne, ya tano, mkono unajifunza wenyewe. Kwa nini nisimame dakika nzima kuhesabu kitu ambacho mwenye uwezo wa kukifanyia kazi hakitaki? Uvivu upo, siukatai. Ila wauguzi wengi ninaowafahamu hawakuanza wavivu.

Kwa watoto ni tofauti, na hili huwa linanishangaza. Tangu ulipoletwa mwongozo wa kudhibiti magonjwa ya watoto kwa uwiano, unaomtazama mtoto mzima na si ugonjwa mmoja, hata zahanati ya kijijini ina namba ukutani: mtoto chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi; miezi miwili hadi chini ya mwaka, 50; mwaka hadi miaka mitano, 40. Ukifika hapo, mtoto mwenye kikohozi ana upumuaji wa haraka, hiyo ni nimonia hadi ithibitike vinginevyo, anaanza dawa. Namba inafungua mlango wa dawa, ndiyo maana inahesabiwa. Nimefanya kazi kliniki ya watoto miaka mitatu, na huko nilihesabu kuliko nilivyohesabu wodini miaka yote.

Mtoto ana masharti yake. Anahesabiwa akiwa ametulia, kwenye mapaja ya mama, kabla hujamgusa na kitu cha baridi. Unamwambia mama apandishe fulana hadi kifuani na asimwamshe. Asipumzishwe kwa nyonyo pia, kwa sababu anayenyonya hupumua kwa mtindo wake. Akilia, ngoja, namba ya mtoto anayelia ni namba ya kilio. Na ni dakika nzima, kwa sababu wachanga hupumua kwa mafungu: anakwenda mbio, anasita, anakwenda tena. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, unaweza kuangukia kwenye kusita ukamrudisha nyumbani mwenye nimonia. Siku moja nilihesabu mtoto wa miezi saba, nikapata 52. Mama yake alikuwa ameleta malalamiko ya kuharisha, kikohozi hakukitaja kabisa. Nilipomwuliza akasema, "Ah, hicho cha siku zote." Nikamwonyesha sehemu ya chini ya mbavu inavyobonyea mtoto akivuta hewa. Akaitazama kwa muda, kisha akavuta fulana chini, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha aibu. Nikamwambia, "Hujakosea, mama. Tunampeleka wodini."

Niseme kidogo kuhusu presha, maana ndiyo malkia wa vaito zetu. Watu wana presha ya kupanda na presha ya kushuka, na wengine wanazo zote mbili kwa wiki moja. Mtu anashuka kwenye bajaji, anapanda ngazi, anakaa, anafungwa kitambaa akiwa anahema na kuelezea ugomvi wa mirathi, anapimwa 158 kwa 96, anaondoka na ugonjwa. Mgonjwa anatakiwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na asiongee, nawe usimwongeleshe. Ukimweka hivyo, baadhi ya presha za kupanda zinashuka bila kidonge.

Halafu kitambaa chenyewe. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unapaswa kuzunguka kama asilimia 80 ya mkono. Wodi nyingi nilizofanyia kazi zilikuwa na saizi moja tu, na gundi yake imechoka, inashikiliwa kwa plasta. Mama lishe mwenye mkono ulioshiba akifungwa kitambaa kidogo, namba inapanda kwa uongo. Bibi aliyekonda akifungwa kikubwa, inashuka kwa uongo. Hapo muuguzi hajadanganya, amepima kweli, na namba bado si ya kweli. Na sitaki hata kuanza habari za zile presha za 120 kwa 80, 110 kwa 70, 130 kwa 80, zote zikiishia na sifuri, kutoka kwenye kipimo ambacho mistari yake inakwenda kwa mbilimbili. Hizo ni ndugu wa 20.

Kwenye wodi ya wazazi presha ikiachwa peke yake inaua. Mama aliyejifungua ana damu ya akiba iliyoongezeka kipindi cha ujauzito, na anaweza kupoteza nyingi huku presha yake ikisomeka vizuri kwa daftari. Mkunga mmoja mzee, aliyekuwa msimamizi wangu nilipohamia huko, alitufundisha kuziweka namba mbili ubavuni: mapigo na ile ya juu ya presha. Mapigo yakikaribia kuilingana, simama. Yakiipita, kimbia. Baadaye nilikuja kukuta ndicho hasa watafiti wanachokipigia hesabu, mapigo gawanya kwa presha ya juu, na wanashtuka kuanzia 0.9. Yeye alikuwa akifanya bila kikokotoo, akiwa amesimama na kidole kwenye mshipa, akimwambia mzazi, "Tulia, mwanangu, tulia."

Kibanio cha kidoleni, kile cha kupima oksijeni ya damu, kilikuja kwa wingi baada ya mwaka 2020, na kimeleta kisingizio kipya. "Oksijeni yake 96, pumzi ya nini tena?" Lakini huyo mwenye 96 anaweza kuwa anaipata kwa kupumua mara 36. Anailipia. Akichoka kulipa, itaanguka ghafla, na tutasema alibadilika ghafla. Halafu kifaa chenyewe kina tabia zake. Njombe asubuhi ya Julai vidole ni vya barafu, damu haifiki nchani, kinaonyesha 84 kwa mtu anayekula ugali. Unausugua mkono hadi upate joto, ndipo upime. Bibi harusi mwenye piko nyeusi kwenye kucha na ncha za vidole, jaribu sikioni. Na ipo habari ambayo ingetuhusu kuliko wote: Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyoficha kwa weupe. Kwa maneno mengine, inaweza kusomeka 93 au 94 huku damu yenyewe iko chini zaidi. Hilo halikubandikwa ukutani popote nilipofanya kazi.

Na jiko la mkaa. Kila msimu wa baridi kuna familia inayolala nalo ndani, mlango na dirisha vimefungwa. Wanaletwa wamelegea, vichwa vinagonga, na kibanio kinasoma 98. Kifaa hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobebeshwa hewa ya sumu ya mkaa. Kwake zote ni nyekundu. Hapo ukiamini namba kuliko maelezo ya jirani aliyevunja mlango, umepotea. Wape oksijeni, iliyo nyingi, hata kama kidole kinasema wako salama.

Joto sitalipigia kelele sana, kila mtu anaijua homa. Ila nikumbushe kwamba wazee na vichanga wanaweza kuoza kwa maambukizi wakiwa na 36, au 35, na huo ubaridi ndio mbaya zaidi. "Homa ya ndani" wanayoisema bibi zetu, ile isiyoonekana kwenye kipimo, tulifundishwa kuicheka chuoni. Nimeacha kuicheka. Mara nyingi anayeisema anajaribu kueleza mwili uliobadilika kabla ya kipimajoto kukubali.

Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti mkubwa wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Watafiti waliingia wodini na kupima vaito za kila mgonjwa mtu mzima, hizi hizi. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Karibu asilimia 69 ya hao mahututi walikuwa wamelala kwenye wodi za kawaida, katikati ya wengine, na si kwenye vyumba vya uangalizi maalumu. Ndani ya siku saba asilimia 21 yao walikuwa wamekufa, dhidi ya asilimia 2.7 ya wasio mahututi. Niliposoma nilimwona mkulima wangu wa viazi, kitanda cha katikati, mkewe chini kwenye mkeka.

Kwa hiyo siku hizi, kwa kuwa nasimamia wanafunzi, nina sheria moja ambayo wakaguzi hawaipendi. Hujahesabu, acha wazi. Wakaguzi wanataka chati iliyojaa, wanaipa maksi. Mimi nafsi yangu inatulia nikiona kibox kitupu, kwa sababu kitupu kinauliza swali, na mtu wa zamu inayofuata atajua kwamba hapa hapajulikani. 20 ya kubuni inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na inamfunga mdomo anayekuja nyuma. Na hatuwezi kuwahesabu wote kwa usawa, basi tuchague. Waliopasuliwa ndani ya siku tatu, waliopokelewa leo, waliojifungua leo, na yeyote ambaye ndugu yake amekuja mezani kusema kitu: hao dakika nzima. Waliobaki sekunde 30 ukizidisha kwa mbili, kama pumzi zinafuatana vizuri. Anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani na anapiga soga, acha wazi, alale.

Mwaka jana, usiku wa mvua, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea chati ya mama aliyelazwa kwa nimonia. Saa nne aliandika 24. Saa sita pako wazi. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Nimehesabu, sista, ila nimepata nyingi mno, nikaogopa nimekosea." Tukaenda wote, kila mmoja na saa yake, tukasimama pande mbili za kitanda. Oksijeni 94, presha 126 kwa 80, joto limeshuka kwa dawa. Yeye akapata 35, mimi 34. Nikampa simu yangu, nikamwambia apige yeye. Alisimama dirishani akizungumza huku akitetemeka sauti, akataja namba zote kwa mpangilio. Upande wa pili kukawa kimya kidogo. Kisha nikasikia, kwa jinsi spika za simu zangu zilivyo mbovu, daktari akiuliza, "Umehesabu mwenyewe?"

"Mara mbili, dokta. Na sista naye."

"Nakuja."

Alifika baada ya dakika 40, koti limelowa. Tulikuwa tumemkalisha mama wima, oksijeni inaingia, na kwenye chati, kwa mwandiko wa yule binti, palikuwa na namba nyingine tatu: 36, 34, 31.